Taarifa ya Saa Mbili Usiku

Jumatatu, 3 Machi
Asubuhi mawingu mazito, upepo hakuna. Mvua ya kwanza ya msimu imeanza saa nne. Imetukuta na ndoo moja tu ofisini, na paa linavuja mahali patatu.

Mhariri ameniongezea kazi. Jarida linatimiza miaka ishirini, na toleo la tarehe 9 Mei litakuwa la kumbukumbu. Natakiwa niandike historia yake, kurasa nne, juu ya usahihishaji wangu wa kawaida.

"Wewe ndiye wa zamani kuliko kitu chochote humu ndani," amesema. "Ukiondoa kabati."

"Kabati lilimkuta," amesema Mchora Katuni bila kuinua kichwa.

Nimecheka nao. Lakini Mhariri amekuja Januari tu, na nimejiuliza ana haraka gani na historia yetu.

Jumatano, 5 Machi
Mvua nyembamba tangu alfajiri.

Nimeteremsha juzuu za zamani na kuzifuta vumbi. Toleo la kwanza lina kurasa nane, limechapwa kwa mashine ya kurudufisha iliyoazimwa shuleni, wino umekolea upande mmoja. Ukurasa wa mbele Mzee Mwanzilishi ameandika kwamba jarida halitakuwa la chama wala la tajiri, litasema mambo ya jimbo hili kwa watu wa jimbo hili, na kila mtu ataruhusiwa maoni yake. Mwaka wa sita polisi walibeba toleo zima. Mzee aliwaandikia akiwaomba walisome kabla ya kulichoma, na askari wawili wakajiandikisha kuwa wasomaji wa kudumu.

Kitu kimoja nilikuwa nimekisahau. Chini ya kila makala ya zamani kuna kisanduku cha herufi za mlalo: "Majibu." Aliyesemwa vibaya anajieleza humo. Naibu Mhariri, aliyestaafu Desemba, ndiye aliyekuwa akiyakusanya. Mwaka huu hakuna hata kimoja. Nadhani Mhariri anabana nafasi.

Jumanne, 11 Machi
Mawingu, hakuna mvua. Siku ya prufu, kurasa za majaribio za kusahihisha. Naandika utaratibu hapa, nitauhitaji kwenye historia.

Kila baada ya wiki mbili, Jumanne mchana, Wifi anachapa kurasa alizozipanga kwenye kompyuta. Nakala moja ya Mhariri, moja yangu, moja inabaki mezani kwake. Nyingine Tarishi anaifunga kwenye nailoni na kumpelekea Mzee Mwanzilishi ng'ambo ya mto kwa baiskeli. Hiyo ni ya heshima tu, Mzee aliacha kazi zamani. Jumatano tunasahihisha, jioni kazi inakwenda kwa mpiga chapa, Ijumaa asubuhi jarida liko mtaani.

Wifi ni mke wa mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemwombea kazi hii, na chumba ninacholala ni cha uani kwao.

Jumatano, 12 Machi
Jua kidogo adhuhuri. Nimefuta sentensi moja kwenye makala ya kiwanja cha soko: "Mkuu wa Jimbo amekigeuza shamba la bibi." Ni kali kuliko ushahidi wetu. Mhariri amenuna, kisha amekubali.

Alhamisi, 13 Machi
Asubuhi ukungu, jioni mvua kubwa ya upepo.

Tulikuwa mezani watatu, mdogo wangu, Wifi na mimi, redio ya jimbo ikisoma taarifa ya saa mbili usiku. Msomaji akasema Mkuu wa Jimbo amewajibu "wale wanaodai kwamba amekigeuza kiwanja cha soko shamba la bibi." Kijiko changu kikabaki hewani.

Jarida linatoka kesho. Na kesho halitakuwa na sentensi hiyo. Ilikuwepo jana asubuhi na juzi, kwenye prufu, basi.

"Mbona umeganda, dada?" mdogo wangu ameuliza.

"Pilipili."

Wifi amenitazama, halafu ametazama sahani yake. Chakula hakikuwa na pilipili.

Ijumaa, 14 Machi
Mvua. Mhariri amefunga mlango, jambo ambalo halijawahi kufanyika ofisini kwetu, hata mlango wenyewe ulishtuka na kukwama.

"Kuna mtu humu anatuuza," amesema.

"Paa linavuja, na sisi tunavuja," amesema Mchora Katuni. "Tumwite fundi mmoja afanye kazi zote mbili." Hakuna aliyecheka.

"Nakala za prufu ni ngapi?" Mhariri ameniuliza.

"Tatu. Na ya Mzee."

"Mzee usimwingize humu. Mzee ndiye jarida lenyewe."

Ni kweli. Tarishi naye hajui kusoma haraka kiasi hicho, na nailoni ilifika imefungwa. Mhariri hawezi kujichoma mwenyewe. Mimi najijua. Sikutaka kuendelea kuhesabu.

Jumatatu, 17 Machi
Mvua. Hakuna la kuandika.

Jumatano, 19 Machi
Asubuhi kweupe, mchana manyunyu.

Saa kumi Wifi ameaga, eti anakwenda kwa fundi cherehani. Nami nilitoka kununua sabuni, na nyuma ya posta nikamwona akishuka kwenye gari jeupe. Alishukia mlango wa dereva. Upande wa pili kulikuwa na dimbwi. Ndani alibaki mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi. Walipeana mkono kupitia dirishani kama watu waliomaliza biashara.

Magari ya ofisi ya Jimbo ni meupe.

Nyumbani nimemuuliza kama nguo iko tayari.

"Bado, wifi. Yule fundi ana maneno mengi kuliko uzi."

Hakuna kitambaa nilichokiona kikitoka nyumba hii.

Alhamisi, 20 Machi
Mvua ya asubuhi, jioni imepungua. Nilitaka kwenda kwa Mzee kumhoji kuhusu historia. Nimeishia mtoni. Mbao za daraja zimeng'oka katikati, chini maji yanakwenda kasi yakiwa na rangi ya chai. Tarishi amevuka mbele yangu, baiskeli begani, anapiga mluzi.

"Njoo, Bi Nukta! Usitazame chini!"

Hilo ndilo jina wanaloniita ofisini. Nimetazama chini. Nimerudi.

Nilimwomba mdogo wangu anizungushe na pikapu yake kwa barabara ya juu. Amesema ameacha kuendesha jioni, barabara mbovu. Huyu ni mtu aliyekuwa akirudi na mizigo usiku akiimba. Nyumba nzima hii ina jambo.

Jumanne, 25 Machi
Mvua. Prufu. Makala kubwa ni ya daraja: Mhariri ameeleza jinsi Mkuu wa Jimbo alivyoahidi kulitengeneza na hajaligusa. Nimemtazama Wifi akipanga kurasa. Ana utulivu. Zamani nilikuwa nauita utulivu huo tabia njema.

Alhamisi, 27 Machi
Asubuhi jua, ajabu. Saa mbili usiku redio imetangaza kwamba kazi ya kutengeneza daraja imeanza leo mchana, mafundi wako kwenye eneo, na Mkuu wa Jimbo mwenyewe amepiga nyundo ya kwanza. Tumesikia hata nyundo.

Ijumaa, 28 Machi
Mvua. Jarida limetoka likisema daraja halijaguswa, siku ambayo jimbo zima linalitazama likiguswa. Msomaji mmoja, mwalimu mstaafu, amepanda ngazi zetu akihema ili aturudishie nakala yake.

"Miaka kumi na nane nawasoma," amesema. "Sikujua mmeanza kuandika hadithi za watoto."

"Juzi ilikuwa kweli, mwalimu," amesema Mhariri.

"Juzi mngetoa juzi."

Alipoondoka, Mhariri amekaa ameshika tama. Nimemhurumia. Na wakati huohuo nimewaza: mwezi Januari kaja yeye, mwezi Machi tunavuja. Mtu akianza kushuku, anashuku hadi kivuli cha meza.

Jumatano, 2 Aprili
Mvua ya mawe asubuhi, dakika chache.

Gari jeupe tena, mahali palepale, saa ileile. Safari hii Wifi alikuwa anacheka. Tena alishuka mlango wa dereva, na leo hapakuwa na dimbwi.

Nilirudi ofisini moja kwa moja. Nimekaa kwenye kiti changu, nimenoa penseli ambayo haikuhitaji kunolewa, kisha nimeingia kwa Mhariri na kumwambia yote: fundi cherehani asiyekuwepo, gari, mlango wa dereva, shati, mkono dirishani. Nimeyasema kwa mpangilio, kama ninavyofanya kila kitu.

"Una hakika?"

"Nimeona kwa macho yangu."

Hilo ndilo jibu nililompa. Hakuniuliza nimeona nini hasa, na mimi sikujiuliza.

Alhamisi, 3 Aprili
Mawingu. Mhariri amemwita Wifi saa tatu. Walikaa kama robo saa. Nilisikia sauti ya Mhariri tu.

Alitoka, akachukua kikombe chake cha chai na sweta lake nyuma ya kiti. Ameambiwa "apumzike nyumbani hadi mambo yaeleweke." Alipopita mezani kwangu amesimama.

"Mlango wa dereva," amesema polepole, kama mtu anayeonja neno. "Umenisemea hadi mlango, wifi."

Nimeinamia karatasi. Alishuka ngazi taratibu, hatua moja moja.

Nyumbani jioni tulikaa kunywa chai. Mdogo wangu hajaambiwa sababu. Ameambiwa kazi imepungua. Akamimina chai ikapita pembeni ya kikombe, ikatapakaa mezani, na Wifi akaipangusa kabla mumewe hajaiona. Mimi Wifi hakunimiminia.

Jumatatu, 7 Aprili
Mvua. Mpanga kurasa wa muda ni kijana wa mpiga chapa. Anaweka picha kichwa chini.

Alhamisi, 10 Aprili
Mvua siku nzima, ndoo mbili zimejaa.

Wiki hii tuliandika juu ya jenereta ya hospitali. Saa mbili usiku redio imesoma majibu ya Mkuu wa Jimbo, hoja kwa hoja, kwa mfuatano wa aya zetu.

Wifi hayuko ofisini wiki nzima. Mtu mwingine angesema basi si yeye. Mimi nimeuangalia mkoba wangu. Prufu yangu nilikuja nayo nyumbani Jumanne, na mkoba ulikaa sebuleni wakati naoga. Kesho nanunua kufuli dogo.

Wifi alikuwa dirishani anasikiliza taarifa. Ilipokwisha amegeuka, amenitazama moja kwa moja. Alikuwa anangoja niseme kitu. Nimesema usiku mwema.

Jumatano, 16 Aprili
Jua na mvua pamoja. Nilipotoka chooni nimemkuta Wifi anamsomea mdogo wangu bili ya umeme, neno kwa neno, kama mtoto. Waliponiona wakanyamaza.

Alhamisi, 24 Aprili
Manyunyu. Mhariri ameogopa, toleo hili halimgusi mtu: michezo, mvua, mapitio ya vitabu, barua za wasomaji. Taarifa ya saa mbili haikusema lolote juu yetu.

"Umeona?" Mhariri amenipigia simu. "Umefunga mkoba, na mdomo umefungwa."

Nimefurahi, halafu nimeona haya kwamba nimefurahi. Sijui kwa nini haya.

Jumanne, 29 Aprili
Asubuhi kweupe, udongo umeanza kukauka.

Amekuja ofisini karani wa ofisi ya ardhi, mwavuli mkononi ingawa mvua hakuna. Nadhani ni wa kufichia uso. Ameleta maelezo ya ramani ya kiwanja cha soko: imechorwa mara mbili, na ya pili imegawa viwanja kwa watu wa nyumbani kwa Mkuu wa Jimbo. Sasa tuna ushahidi tuliokosa mwezi Machi. Itakuwa makala ya mbele ya toleo la miaka ishirini.

"Ni mimi peke yangu niliyeshika ramani zote mbili," amesema. "Mkisema zipo mbili, mmenitaja." Ameomba jambo moja tu. Alhamisi ya wiki ijayo, jioni, anaondoka na watoto kwenda kwa wakwe zake, nje ya jimbo. Hadi hapo asijulikane. "Baada ya hapo, andikeni hata na saizi ya viatu vyangu."

Mhariri amemshika mkono. "Safari hii hatuvuji. Tumeshaziba."

Jumatatu, 5 Mei
Jua. Daraja limefunguliwa jana. Historia yangu ina kurasa tatu na pengo la Mzee. Kesho nakwenda.

Jumanne, 6 Mei
Asubuhi jua, udongo unatoa mvuke, mbali mlimani wingu moja.

Nitaandika kirefu. Prufu imetoka saa sita, na ramani mbili ziko ukurasa wa kwanza, aya ya tatu. Nimefuatana na Tarishi, yeye anakokota baiskeli, nailoni imening'inia kwenye usukani. Daraja ni zuri, lazima niseme, lina vyuma pande zote mbili.

"Makala yetu ilifanya kazi," amesema Tarishi. "Kwa kinyume, lakini ilifanya."

Mzee anakaa chumba cha mbele kwa binti yake. Kiti cha kukunja, rafu ya vitabu iliyolalia upande mmoja, na simu ya mezani yenye waya, ya rangi ya maziwa. Masikio yamechoka lakini kichwa ni kizima. Nimemwamkia, ameitikia, ameuliza habari za kila mtu, na alipofika kwa Wifi nimesema yuko nyumbani kidogo. Kisha amenyoosha mkono kwa Tarishi.

"Kwanza kazi. Historia itangoja, imezoea."

Amesoma prufu akifuatisha kwa kidole, midomo inacheza. Mimi nilikuwa nachora mstari kwenye daftari langu, tayari kwa mahojiano. Alipomaliza ukurasa wa kwanza amemwita binti yake.

"Nipigie yule bwana."

Nilidhani ni daktari. Binti akapiga namba bila kuitafuta, akampa mkono wa simu.

"Haloo! Katibu wa Mkuu?" Mzee anapiga kelele kwenye simu kama anayeita mtu ng'ambo ya mto. "Hujambo, bwana. Ya Ijumaa hii. Chukua kalamu, andika vizuri, bosi wako apate kujibu. Aya ya kwanza..."

Akaanza kusoma.

Sikumbuki nimeinuka vipi. Nakumbuka kidole changu kimekandamiza kitufe cha simu, na Mzee anaendelea kusoma kwenye simu iliyokufa hadi mwisho wa sentensi. Kisha akanitazama.

"Umenikatia simu?"

"Shikamoo, Mzee," nimesema. Ndilo neno pekee lililonijia.

"Shikamoo ulinipa mlangoni. Umenikatia simu nyumbani kwangu?"

"Mzee, tangu lini unamsomea?"

"Tangu mlipoacha!" Sasa alikuwa amekasirika kweli. "Mwaka wetu wa kwanza tuliandika kwamba mwalimu mkuu mmoja ameiba mabati ya shule. Kila mtu alisema hivyo, nasi tukasema. Hakuiba. Mabati yalikuwa stoo, yeye ndiye aliyekuwa ameyaficha yasiibwe. Lakini alikuwa keshahama mji kwa aibu, na barua yangu ya kuomba radhi ikarudi haijafunguliwa. Tangu siku ile nikaweka sharti: hakuna anayepigwa gizani. Kabla hatujachapa, anaambiwa, anajibu, jibu linakaa chini ya makala. Naibu amefanya hivyo miaka yote kila Jumanne. Kastaafu, mmeleta kijana wenu, nafungua jarida Januari, hakuna majibu! Februari, hakuna! Nikasema watoto wamekuwa wavivu. Nikashika simu mwenyewe."

"Hukutuambia."

"Mngeniambia nyinyi kwamba mmeacha! Mnamwandika mtu bila kumuuliza, halafu mnashangaa anajibu?"

Tarishi alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake mkononi, anatazama sakafu kama ndiye aliyefanya kosa. Mimi nilikuwa naona yote yakijipanga: kisanduku cha herufi za mlalo nilichokiona mimi mwenyewe mwezi Machi, toleo la michezo ambalo halikuvuja kwa sababu halikuwa na wa kupigiwa simu. Naibu alikuwa akiuliza maswali tu, hasomi makala nzima; Mhariri mpya alidhani majibu huwa yanakuja yenyewe, kama barua.

Nimemwonyesha aya ya tatu. "Isome tena, Mzee. Jifanye wewe ndiye Mkuu."

Ameisoma. Kidole kimesimama.

"Aliyeshika ramani zote mbili ni mtu mmoja," nimesema. "Ana watoto. Anaondoka keshokutwa."

Simu ikalia, alikuwa katibu anapiga tena. Ikalia, ikalia. Binti akatazama baba yake. Mzee akatikisa kichwa.

"Nilifika wapi kusoma?"

"Sentensi ya kwanza. Ile ya miaka ishirini ya soko."

"Alhamdulillahi." Akajifuta uso. Kisha, bila kunitazama: "Kabla ya leo, nimemuumiza nani?"

"Wewe hapana. Mimi."

Nikamweleza habari za Wifi na gari jeupe. Alisikiliza akiwa amekunja sikio kwa mkono.

"Ulimuuliza?"

"Nani?"

"Huyo wifi yako. Kabla hujamsema. Ulimuuliza gari ni la nani?"

Nikafunga daftari langu. Hakurudia swali.

Historia sikuiuliza. Nimerudi na Tarishi hadi ofisini, nimemwambia Mhariri akiwa amesimama, kisha akakaa. Akasema, "Mzee?" mara tatu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Halafu akasema, "Mimi nilifikiri Naibu alikuwa mtu wa kupenda simu."

Nyumbani nimefika jua linazama. Wifi alikuwa uani anaanua nguo. Nimesimama kwenye mlango wa chumba changu nikaanza kuomba radhi, na mvua, ile ya wingu moja, ikaanza.

"Ingia kwanza," amesema. "Radhi ikilowa haitasikika."

Tumekaa jikoni. Nimemwambia yote, la Mzee na langu. Hakunikatiza. Nilipomaliza amekunja shati la mdogo wangu, akalikunjua, akalikunja upya.

"Wifi, nikuulize. Mtu anayeshuka mlango wa dereva huwa ni nani?"

Nikamtazama.

"Dereva, wifi! Huwa ni dereva!" Alicheka, lakini macho yalikuwa na maji. "Yule bwana ni mwalimu wa udereva. Miezi miwili sasa. Kibao chake cha shule ya udereva kilianguka na mvua, kila siku anasema atakibandika."

"Mbona hukusema?"

"Ningemsemea mume wangu? Mdogo wako haoni vizuri. Jioni ndiyo haoni kabisa. Hataki mtu ajue, hata wewe, hasa wewe. Akijulikana, nani atampa mzigo abebe? Nikasema nijifunze, siku ikifika nishike pikapu, yeye akae pembeni anipigie kelele. Kazi hiyo anaiweza." Akapangusa macho kwa shati. "Wewe unaona koma iliyopotea kwenye ukurasa mzima. Chai ikimwagika mezani pako huioni."

Nimesoma kwenye shajara hii, usiku huuhuu, mistari ya 20 Machi na 3 Aprili. Yote nimeyaandika. Nimemwandika kila siku ya msimu huu, na hakuna siku niliyomwachia kisanduku.

Jumatano, 7 Mei
Asubuhi kweupe kabisa. Mhariri amekuja nyumbani kwetu saa moja, kabla ya kazi, na kusimama uani kama mdaiwa.

"Shemeji, nimekuja..."

"Umekuja kuniambia mambo yameeleweka," amesema Wifi. "Kwako. Kwangu yalikuwa yanaeleweka tangu mwanzo."

Amerudi kazini, lakini kwa sharti lake: barua ya Mhariri ibandikwe ukutani ofisini, iseme kwamba alishukiwa bila kuulizwa. Imebandikwa juu ya ndoo. Mchora Katuni ameuliza kama anaweza kuichorea pambo. Wifi amesema akithubutu atamchapa kichwa chini.

Aya ya tatu tumeiandika upya, ramani zimebaki lakini aliyezishika hayumo hata kwa harufu. Kisha Mhariri ameandika maswali sita kuhusu waliopewa viwanja, bila kutaja kwamba ramani ni mbili maana karani hajaondoka, na Tarishi ameyapeleka ofisi ya Mkuu wa Jimbo mchana kweupe na kutia saini kwenye kitabu chao. Jibu lisizidi Alhamisi saa sita; mpiga chapa amekubali kutungoja. Kabla hayajaondoka Mzee alipigiwa simu, akasomewa maswali. Ameongeza la saba.

Wifi ameweka neno la siri kwenye kompyuta yake. Zamani haikuwa nalo. Sikuuliza.

Ijumaa, 9 Mei
Asubuhi kavu, anga ya buluu, ndege wengi. Nadhani msimu umekwisha.

Naandika ya jana. Jibu la Mkuu wa Jimbo lilikuja saa sita kasoro, mistari mitatu, yote matusi ya adabu. Tumeliweka chini ya makala, ndani ya kisanduku, kwa herufi za mlalo, bila kugusa hata nukta. Historia yangu imechukua kurasa tano badala ya nne. Mhariri alitaka nikate hii ya mwisho, ya msimu huu. Wifi, aliyekuwa anazipanga, amesema nafasi ipo.

Jioni karani amepita stendi na watoto wake; Tarishi amemwona akipanda basi, mwavuli kwapani. Saa moja kasoro Wifi ameondoa pikapu uani kwenda kwa mpiga chapa kuchukua mafurushi. Alishika leseni yake kwa meno wakati anafunga mkanda. Mdogo wangu alikaa pembeni, mkono nje ya dirisha, anapiga kelele: "Kulia! Kulia kwako, mama! Huo ni ukuta wa jirani!" Wakatoka bila kuugusa. Sauti yake niliisikia hadi kona.

Waliporudi tulikula. Mdogo wangu alisema chai yake amimine mwenyewe, na sisi wote wawili tukamwacha, na ikamwagika kidogo, na akacheka. Kisha Wifi akaivuta redio karibu, akaiwasha, akanitazama kwa lile jicho la kungoja.

"Taarifa inakaribia, wifi. Husikilizi?"

"Watakachosema wanacho haki ya kukisema. Tumewauliza."

"Basi nitasikiliza kwa niaba yako," amesema. "Kama kuna la kukuamsha, nitakuamsha. Mkoba wako umeuacha sebuleni."

"Najua."

Hakuniamsha. Nililala saa mbili kasoro dakika tano.